Ushuhuda Niliokutungia, Shangazi

Shikamoo, Shangazi.

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia barua. Nikikukumbuka nilipiga simu, nawe ukipokea ulipaza sauti kana kwamba unaniita kutoka kilima cha pili, nami nasogeza simu mbali na sikio huku nikicheka. Sasa huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na nina jambo ambalo nilipaswa kukwambia nikiwa nimepiga magoti mbele yako. Naliandika waziwazi, wasome na wengine, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu na nikapigiwa makofi.

Baba alipokufa nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa ameshatangulia. Siku ya tatu baada ya maziko wazee walikaa nje kujadili nani anichukue. Wewe hukukaa kwenye kikao kile. Uliingia chumbani, ukazifunga nguo zangu kwenye kitenge, ukatoka na furushi kichwani. "Huyu ni mtoto wa Kanoti," ukawaambia. "Mnajadili nini?" Tukaondoka wakiwa bado wanazungumza.

Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa mtoto rahisi. Ulinifundisha kutengeneza yale matuta yetu ya duara, ya kufukia majani ndani, na kila jioni ulipita ukiyakagua. Lililopinda ulilivunja kwa jembe bila kusema neno, nami nikaanza upya huku nikilia kwa hasira. Lakini asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Ufipa unapokata masikio, ulilishika sweta langu la shule juu ya makaa hadi lipate moto, kisha ukanivisha upesi kabla halijapoa. Hukuwa na mtoto wako mwingine wa kumvisha. Mumeo alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla sijazaliwa, akanyamaza hukohuko. Nilijua pia kwamba uliwahi kuwa na mtoto akafa. Hilo nalo lilikuwa halizungumzwi.

Siku moja tulikwenda kuokota kuni kwenye mahame, kule juu mgongoni mwa kilima ambako watu waliishi zamani kabla ya kijiji kuwa kijiji. Kwenye nyasi nikakanyaga jiwe la kusagia, limechimbika katikati kwa kusagiwa miaka mingi.

"Shangazi, hili la nani?"

"La mtu aliyehama."

"Alihamia wapi?"

"Beba kuni."

Basi nikabeba kuni. Nilikua nikijua kwamba kwako kuna mlango mmoja ambao haubishwi hodi. Na ajabu ni kwamba katika kazi zote za duniani, mimi nikaenda kusomea ualimu wa historia.

Ulijua nafundisha sekondari Katandala, mjini, lakini sikuwahi kukwambia nafundisha nini hasa. Kila mwaka, kidato cha tatu, kuna kipindi cha dakika arobaini kuhusu watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Naandika ubaoni: sababu tano, mafanikio manne, matatizo matano. Wanafunzi wananakili, kengele inalia. Miaka kumi na mitano nimefundisha hivyo, huku mtu aliyehamishwa yuko saa mbili tu kwa gari, ananitumia mahindi mabichi kila msimu.

Ndipo mwalimu mwenzangu akanionyesha kwamba vyuo vya nje vinafundisha historia kwa mtandao wakati wa likizo yao ndefu. Niliomba, nikakubaliwa bila ada. Wao waliiita kozi ya majira ya joto. Huko kwao watu walihudhuria wamevaa fulana, madirisha wazi, na mimi nilikuwa nyumbani kwangu Chanji nimevaa makoti mawili, blanketi miguuni, bando linakata mhadhiri akiwa katikati ya sentensi. Tulikuwa watu kama thelathini, kila mmoja kwenye kidirisha chake kwenye kioo. Wenzangu wengi walizungumza Kiingereza kama maji. Mimi nilikuwa natafuta neno, nikilipata, mada imeshapita. Wiki mbili za kwanza sikusema kitu. Nilijiona kama wale wanafunzi wangu wanaokaa nyuma, ambao huwa nawaambia kwa ukali kwamba mdomo haukuumbwa kula ugali peke yake.

Mhadhiri wetu alikuwa mama wa makamo mwenye mvi, mpole, anazungumza polepole. Alitwambia kwamba historia iliyoandikwa maofisini tunayo ya kutosha, sasa twende tukaitafute iliyokaa majikoni. Kazi ya mwisho ilikuwa kumsikiliza mtu mmoja aliyepitia jambo kubwa. Umrekodi, uandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Alilisisitiza hilo la mwisho. Alisema mtu akikupa maneno yake amekukabidhi kitu chake.

Nilikupigia siku hiyohiyo. Nakumbuka kila neno.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu Neema hajambo?"

"Hajambo. Shangazi, nataka nije Jumamosi. Chuo kinataka nimsikilize mtu aliyehamishwa wakati wa vijiji. Nataka nikusikilize wewe."

Ukanyamaza. Nikadhani mtandao umekata.

"Zile habari," ukasema. Kisha ukauliza, "Wanazitaka zote?"

"Zote."

"Basi njoo. Uje asubuhi, maana ni ndefu."

Sikuja. Jumamosi ile mtoto wa mwalimu mwenzangu alikuwa na sherehe ya kipaimara Majengo, na nilikuwa kwenye kamati ya chakula. Nilikupigia saa tano, ukiwa umeshaningoja tangu alfajiri, nikasema nimebanwa, nitakuja Jumamosi nyingine. Ukasema haya. Jumamosi ya pili niliamka, nikafungua mlango, upepo ukanipiga usoni, nikafikiria barabara na vumbi, na kazi inatakiwa Jumatatu. Nikafunga mlango. Nikakutumia ujumbe wa simu ambao nilijua huwezi kuusoma. Nikajifunika blanketi, nikafungua kompyuta, nikaandika juu kabisa: Mahojiano na Gaudensia, mkulima, Ufipa.

Nilitunga, Shangazi. Nilichukua vipande kutoka kwenye makala tulizopewa kusoma kuhusu mikoa mingine, nikachanganya na yale machache niliyowahi kuyasikia utotoni, vingine nikavitoa kichwani. Niliandika kwamba nyumba yako ilichomwa moto ukiwa umesimama mbele yake na kinu mkononi. Nikatunga na mgambo mmoja, kijana mwenye macho mekundu, anacheka huku akiwasha kiberiti. Nikakutia kinywani sentensi hii: "Moto ule haukula nyumba tu, ulikula na jina langu." Nilipoiandika nilitulia nikaisoma tena. Machozi yalinitoka. Nililia kwa uzuri wa uongo wangu mwenyewe.

Nilipewa alama za juu kuliko wote. Mhadhiri aliisoma ile sentensi ya moto mbele ya darasa, na kwenye vile vidirisha nikaona watu wanafuta macho. Yule mwenzetu aliyekuwa anazungumza kuliko wote akaniandikia kwamba ana wivu, anatamani na yeye angekuwa na shangazi kama wangu. Nikamjibu asante. Mhadhiri akaomba kuiweka kazi yangu kwenye ukurasa wa kozi ili wanafunzi wa miaka ijayo wajifunze kwayo. Nikakubali kabla hajamaliza kuomba. Cheti kilipokuja, mkuu wa shule alinisimamisha mbele ya wanafunzi wote. Aliniomba niitafsiri kazi yenyewe kwa Kiswahili ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, nami nikaitafsiri. Watoto waliisoma wakati wa mapumziko. Hata mpishi wa shule alinipa pole kwa niaba yako.

Mwezi wa tisa ulikuja kwangu kutibiwa mtoto wa jicho. Ulirudi kutoka hospitali jicho moja limefunikwa, ukakaa sebuleni na kikombe cha uji wa ulezi. Neema alikuwa ametoka shule. Unajua alivyokupenda. Akakwambia, "Bibi, mama ameandika habari zako hadi Ulaya wamezisoma. Nikusomee?"

Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kuangusha sufuria. Sikufanya lolote, na hapa ndipo panaponichoma kuliko kote: nilitaka usikie. Kusifiwa kulikuwa kumenikolea hadi nikasahau kwamba hukuwahi kunieleza chochote.

Neema akasoma vizuri, kwa sauti yake ile ya kwenye midahalo. Alipofika kwa mgambo ukainua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Anacheka?" ukauliza.

"Ndiyo, Bibi. Anacheka huku anawasha kiberiti."

Ukashusha mkono. Akaendelea hadi mwisho, hadi ile sentensi ya moto na jina. Alipomaliza ukamwuliza, bila hasira hata chembe, "Huyo Gaudensia ni wa wapi?"

Neema akacheka. "Si wewe, Bibi?"

"Maneno ni mazuri," ukasema. "Lakini si yangu. Mimi sijayasema." Halafu ukageuza uso upande wa jikoni, ukasema kwa sauti ya kawaida, ukijua nasikia, "Nyumba yangu haikuchomwa na mtu. Niliibomoa mwenyewe."

Nilitoka na mwiko mkononi. Neema alikuwa ananitazama mimi, si wewe. Alikuwa na miaka kumi na sita na nilimwona akielewa. Ningeweza kupiga magoti pale, nikasema nimekosa, yakaisha. Badala yake nikasema, "Shangazi, hiyo ni namna ya uandishi tu. Chuoni ndivyo wanavyotaka."

"Sawa, Mwalimu," ukasema.

Hukuwahi kuniita Mwalimu. Ulikuwa ukiniita mwanangu, na ukikasirika ukaniita wee. Siku ile ukaniita kama wanavyoniita wazazi wa wanafunzi.

Kesho yake ulitaka kurudi nyumbani ingawa daktari alisema ungoje wiki. Nilikusindikiza stendi. Nilikutafutia kiti cha dirishani, nikakununulia mkate na soda, nikawa nazungumza mambo mengi ya kujaza nafasi. Gari lilipowashwa ndipo uliposema, ukitazama mbele:

"Jumamosi mbili nilikaa. Ya kwanza nilimwita na mwenzangu Sabina, anikumbushe nitakaposahau. Nilikuwa nimejiandaa kulisema."

"Kusema nini, Shangazi?"

Kondakta akafunga mlango.

Likizo ya Desemba nilikuja. Safari hii nilikuja kweli, na sukari, na shuka jipya, na simu yenye nafasi ya kutosha. Uliniandalia kuku. Tulipomaliza kula niliweka simu juu ya meza, nikasema nimekuja kusikiliza, chukua muda wako. Uliitazama.

"Imeshawaka?"

"Imewaka."

"Haya," ukasema. "Tuiambie habari za mvua."

Ukaiambia habari za mvua. Ukasema zimechelewa lakini zimetulia, mahindi ya bondeni yamesimama, bati la kanisa limeezuliwa na upepo na wanaume wanasuasua kulirudisha, mbuzi wa jirani ameingia mara mbili kwenye maharage. Dakika arobaini na mbili. Hukukasirika, hukuninunia, na kila nilipojaribu kukupeleka kwenye kuhama uliniletea mbuzi. Rekodi ile ninayo. Ndiyo sauti yako pekee niliyonayo, na nikiisikiliza siwezi kukulaumu. Ulikuwa umeshanikabidhi kitu chako mara moja, nikakuacha nacho mlangoni. Nani angekileta mara ya pili?

Februari presha ikakuchukua, ghafla, ukiwa shambani. Walinipigia nikiwa darasani.

Siku ya tatu baada ya maziko, Sabina, rafiki yako tangu ujana, alinikuta nyuma ya nyumba nachambua ulezi ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Akakaa kando yangu, akavuta ungo. Nilimsalimia, akaitikia, tukafanya kazi muda mrefu. Kisha nikamwuliza ulikuwa unataka kuniambia nini.

"Hakukwambia kabisa?"

"Hakuniambia. Nilichelewa."

Akaniambia kwa Kifipa, polepole, kwa sababu Kifipa changu kimechakaa. Akasema jioni moja, wakati tangazo la kuhama limeshatoka na watu wa mgongoni mwa kilima bado wanavuta miguu, mdogo wako Kanoti alikuja kwako. Alikuwa na miaka kumi na tisa na walikuwa wamemwingiza mgambo. Sabina alikuwepo, mlikuwa mnapika pamoja. Kanoti alikuwa amepewa kiberiti. Asubuhi yake walikuwa wapite mstari wenu, na nyumba itakayokutwa imesimama ichomwe.

"Baba yako alikuwa analia," Sabina akasema. "Anasema dada, nikikataa wananifunga, nikichoma nakuchomea wewe. Anasema nakimbia usiku huuhuu. Gaudensia akamwambia ukikimbia utakwenda wapi, kalale. Akampa chakula. Hakula."

Kulipokucha ulipanda juu ya paa lako na mundu, ukaanza kushusha nyasi. Ukamwita Sabina, Sabina akawaita wengine. Mgambo walipofika, jua limeshapanda, hapakuwa na nyumba ya kuchoma mstari mzima, palikuwa na nguzo na marundo ya nyasi na watu wamekaa juu ya vyombo vyao. Baba yangu alirudi na kiberiti kizima. Hakuna aliyecheka.

Lakini ilikuwa Julai. Kule mlikopelekwa hapakuwa na kitu, ni vigingi vya kupimia viwanja tu, na mtoto wako Emanueli alikuwa na miezi minane, kifua kinambana tangu wiki iliyopita. Mlilala chini ya mikeka. Siku ya nne akafa. Kaburi lake ndilo la kwanza katika kijiji kile, na Kanoti ndiye aliyelichimba.

Niliuliza swali la kijinga. Niliuliza kwa nini hukuniambia miaka yote ile.

Sabina aliacha ungo. "Angekuambia nini, mtoto? Kwamba mwanawe alikufa kwa baridi ya nyumba aliyoibomoa ili baba yako asichome? Ungekula chakula chake? Ungemkumbukaje baba yako?" Kisha akaongeza, "Alikuwa anangoja uulize mwenyewe. Ulipopiga simu alikuja kwangu mbio, na yale magoti yake. Akasema, Sabina, ameuliza."

Shangazi, nimesahihisha mitihani ya watoto wa watu miaka kumi na mitano. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: hukusoma swali, umebuni, rudia. Nilikuwa nimekaa pale na vumbi la ulezi mikononi, na yule kijana mwenye macho mekundu niliyemtunga alikuwa baba yangu. Nilimpa kicheko. Nilikukalisha sebuleni kwangu, jicho limefungwa, nikamruhusu mwanangu akusomee kwamba mdogo wako alicheka.

Nilirudi mjini, nikamwandikia mhadhiri. Niliandika barua ile mara sita. Mara tano za kwanza kulikuwa na sababu ndani yake: baridi, bando, kazi nyingi, Kiingereza. Ya sita haikuwa na sababu. Alijibu kwa mistari michache. Alishukuru kwa kusema, akasema kazi imeondolewa kwenye ukurasa na cheti kimefutwa, na kwamba wanafunzi waliokwisha kuinukuu wataarifiwa. Hakunitukana. Alimalizia kwa kunipa pole ya msiba, na pole ile sikuweza kuisoma mara mbili.

Mkuu wa shule aliniambia hapakuwa na haja ya kujianika, mambo haya watu husahau. Niliibandua karatasi ubaoni mwenyewe wakati wa mapumziko, watoto wakitazama. Kisha nikaingia kidato cha tatu, nikawaeleza. Niliwaambia kwamba nilitunga maneno ya mtu aliyekuwa hai na tayari kusema, kwa sababu nilikuwa mvivu na nilitaka kusifiwa. Binti mmoja wa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kule bondeni akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hata yale ya kwenye kitabu, kuna aliyeulizwa?" Nilimwambia ukweli kwamba sijui.

Neema hakuzungumza nami kwa siku kadhaa. Nilimweleza yote, habari za Emanueli na za babu yake, nikadhani atalia. Hakulia. Alisema, "Bibi alijua nasoma kuhusu mdogo wake, na akanisubiri nimalize." Sijui kama atanisamehe kwa lile. Wiki iliyopita aliniomba nauli aende kukaa na Sabina likizo hii, na akasema anataka kwenda peke yake. Nimempa.

Mimi nilikwenda Pasaka. Sabina alinionyesha kaburi la Emanueli, kando ya mgomba nyuma ya zahanati, mahali ambapo nimepita tangu utotoni bila kujua. Nikamwomba Sabina ruhusa ya kuandika aliyoniambia. Akasema niandike, lakini niandike kwamba Sabina aliona hiki na Sabina alisikia kile. "Usiandike Gaudensia alisema," akaniambia. "Hukuwepo." Nimefanya hivyo. Nimeandika kwenye daftari, kwa mkono, nikamsomea mwanzo hadi mwisho. Akanisahihisha mahali pawili. Nikarekebisha.

Kuna mambo ambayo hata yeye hayajui. Hajui uliwaza nini ukiwa juu ya paa lile. Hajui kama ulimchukia Kanoti hata kwa siku moja, wala kwa nini siku ya tatu baada ya maziko yake ulinifungia nguo kwenye kitenge bila kumwuliza mtu. Ningeweza kukisia. Nina kipaji cha kukisia, na unajua kilitufikisha wapi. Naacha.

Barua imekuwa ndefu, na wewe hukupenda maneno mengi. Lala salama, Shangazi, na msalimie Baba. Mwambie nimejua, na kwamba namwonea huruma, na kwamba nimelifuta lile la kucheka kila mahali nilipoweza kulifikia.

Ningependa sana kumalizia kwa kuandika kwamba umenisamehe. Naisikia kabisa sauti yako ikisema hivyo, kwa nguvu, kama kutoka kilima cha pili. Lakini hukusema, na mimi siandiki.

Mtoto wa Kanoti,
uliyemlea wewe.